Rili ya "maji ya chumvi" iliyonikosesha jodari Shimoni

Hasira hii ninayo tangu kusi lilipoanza kulegea. Nilingoja ipoe nisije nikaandika la dhuluma, na haijapoa, kwa hiyo nasema.

Nianze kwa haki yake. Kwa sehewa na nguru wadogo rili hii, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi kwenye rodi, haikunisumbua. Ilizunguka laini, haikuchosha mkono, na tukirambaza, yaani tukikokota chambo nyuma ya boti, karibu na miamba ilileta samaki bila matata. Kama unachotafuta ni kitoweo cha nyumbani, pengine itakufaa.

Lakini mimi sikununua rili ya kitoweo. Yule muuzaji wa duka la zana za uvuvi hapa Mombasa nilimwambia waziwazi: nataka ya jodari na kolekole, ya kutoka nayo Mkondo wa Pemba. Akanigeuzia boksi nisome: breki kilo 15, haiingii chumvi. Nikalipa.

Kolekole akishika chambo hukimbilia mwamba, na shughuli yote ni kumzuia mwanzoni kabla hajakukata. Jodari wa mapezi ya njano hana haja na mwamba. Anakwenda chini, na nje ya Shimoni chini ni mamia ya mita. Mwili wake una joto kuliko maji anamoogelea, ndiyo maana ana nguvu zile na hachoki upesi. Hapo nguvu za mikono yako hazisaidii sana, kazi ni ya breki. Inatakiwa itoe mshipi kwa uzito uleule, bila kushtuka, iwe ndio kwanza samaki ameshika au imeshapata moto.

Nilikuwa na mshipi wa kusuka wa ratili 60, yaani kama kilo 27. Breki hukazwa isizidi kama theluthi ya nguvu ya mshipi, na theluthi yake ni kilo 9. Kabla hatujatoka niliipima breki kama alivyonifunza ami yangu: funga mizani ya kuning'iniza kwenye ncha ya mshipi, vuta, tazama spuli, pale mshipi unapokunjwa, inaanza kuteleza kwa kilo ngapi. Ilisoma 8 na kitu. Asije mtu akaniambia nilikaza.

Tukakuta ndege wanapiga mbizi, tukapita pembeni mwao, jodari akashika. Rili ikalia vizuri, mshipi ukawa unakwenda. Kisha mlio ukabadilika. Ikawa inakwama na kuachia, inakwama na kuachia, rodi inainama na kuinuka. Nikalegeza nyota ya breki, ile ya kukazia na kulegezea ubavuni, hakuna kilichobadilika. Nikalegeza tena. Ikashika kabisa, na mshipi ukakatika kwa kishindo kilichomfanya nahodha aache usukani kuja kutazama. Niliigusa rili ubavuni nikaondoa kidole mara moja, ilikuwa ya moto.

Nyumbani nikaifungua. Visahani vya breki ni vya felti, kitambaa kilichoshindiliwa, vikavu, vimeungua ukingoni mpaka vimekuwa vyeusi. Grisi hata ya kupaka ukucha hamna. Rili ya jodari huwekwa visahani vya kaboni kwa sababu vinastahimili moto, na mtu anayeandika kilo 15 kwenye boksi analijua hilo. Skrubu za upande wa mpini zina kutu, na kuzizunguka rangi ya alumini imevimba kama malengelenge. Nikakwangua, ukatoka unga mweupe. Hiyo ndiyo haiingii chumvi! Na kila nikirudi kutoka baharini huiosha kwa maji ya mfereji, namimina taratibu, breki nimeikaza ili maji yasipenye ndani.

Nikabeba vipande vyote na risiti mpaka dukani. Nikatoa salamu, hakuitikia. Akauangalia mfuko bila kuugusa, akasema mbele ya wateja: "Mzee, nyinyi mmezoea mshipi wa mkono. Hizi ni zana za wazungu, zina wenyewe." Nikamwambia, "Kijana, mimi nakuuliza habari ya visahani." Akajibu kwamba dhamana imekwisha kwa kuwa nimeifungua. Nikamuuliza ningejuaje kilichoungua bila kufungua. Akarudi kwenye simu yake.

Mshipi wa mkono! Marehemu baba alikuwa akitoa jodari kwa mshipi wa mkono, mshipi ukimpita kiganjani, na kiganja kile kilijua lini kiachie na lini kishike. Breki ya rili imeundwa ifanye kazi hiyohiyo. Kijana ananitukana kwa kitu ambacho bidhaa yake imeshindwa kukiiga.

Ami yangu ana Penn Senator ya zamani, aina iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1936. Nzito, haina urembo wowote, ila inafunguka kwa bisibisi, vipuri unapata, na breki yake haishtuki. Nimeiazima tangu siku zile na jodari nimetoa nayo.

Pale juu nimesema pengine itakufaa kwa kitoweo. Kauli hiyo naiondoa. Chumvi inayokula skrubu ukivua jodari itazila vilevile ukivua sehewa, na siku moja atashika mkubwa usiyemtarajia. Usinunue kabisa. Na ukienda duka lolote, nenda na mizani yako, uliza visahani ni vya nini, uliza kama vina grisi. Muuzaji akikuonyesha boksi badala ya kujibu, toka.

Risiti bado ninayo na vile visahani vyeusi nimevifunga kwenye karatasi. Narudi pale pamoja na ami. Habari ya pesa zangu itafuata. Kwanza nataka aitikie salamu.