Siki ya kuni kwa vidukari, sisimizi na mende: uzoefu wangu

Kama unapanda sukuma kwa magunia hapa Nairobi unajua vile vidukari husumbua, unageuza jani unakuta wamejaa huko chini na hiyo mboga ndiyo ya kupikia watoto jioni, sasa utapigaje dawa kali? Ndio maana nikanunua siki ya kuni kwa agroveti. Hutengenezwa kwa moshi wa kuchoma makaa, unapitishwa kwa paipu, unapoa unageuka maji.

Mimi hutia kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, yaani 1 kwa 200, napulizia jua likishatua na lazima ufike chini ya majani. Mtu asikudanganye uongeze ndio ishike haraka, hii ni asidi, ikiwa nzito inachoma majani, kuna watu huitumia hivyo kuua magugu. Vidukari hawakufa wote, walipungua, na wapya hawaji wengi kama zamani. Gunia lililokuwa limeshikwa kabisa nililiosha kwanza na maji ya sabuni. Mvua ikinyesha unarudia.

Kwa sisimizi hapo nimeipenda sana! Hao hufuatana kwa harufu, kwa hivyo nafuta njia yao yote na kitambaa chenye siki, kuanzia kwa ufa wa ukuta mpaka kwa sukari, na wanapotea. Fungua madirisha tu, inanuka moshi sana na haitoki haraka.

Mende ni stori ingine. Wanahama, hawafi. Walitoka chini ya sinki wakahamia nyuma ya kabati, na kwa ploti wataenda kwa jirani halafu warudi, so bila kuziba mashimo na kuweka dawa ya mende ya kawaida sioni ikikusaidia.

Ukinunua angalia chupa kwa mwangaza. Nzuri iko na rangi ya strungi na unaona upande wa pili, ikiwa nyeusi na iko na lami chini hiyo haikuachwa itulie miezi ya kutosha, itaziba spreya na si nzuri kwa mimea. Vaa glavu ukiichanganya. Iweke kwa mtungi wa plastiki, chuma itakula, na tafadhali usiitie kwa chupa ya soda, mtoto ataona kinywaji.