Pasiwadi iliyochacha: uzoefu wangu na sefu ya kwenye terminali

Nyota moja. Naitanguliza ili kama una haraka uende zako.

Jina la kampuni silitaji, sitaki kuitwa mahali nikajieleze. Ni hawa wanaokutunzia pasiwadi zako zote kwenye sefu moja: wewe unakumbuka pasiwadi kuu, nyingine zote wanakukumbukia wao. Wana programu ya simu, wana ya kubandika kwenye brauza, na wana hii ya terminali kwa ajili ya sisi tunaoshinda mbele ya skrini nyeusi ya kuandika amri. Ndiyo ninayoisema. Nimekaa nayo mwaka na kitu, kwa sababu laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na nikifungua brauza feni inalia kama mashine ya kusaga.

Siku yenyewe nilikuwa Muheza, ukweni, msibani. Nimekaa mkekani na wanaume wenzangu, simu inatetema mfukoni haikomi. Mteja wangu, mama mmoja mwenye duka la jumla la dawa Kariakoo. "Fundi, mashine zimegoma, watu wamejaa hapa, nifanyeje mwanangu?" Nikamwambia, mama, nipe dakika tano. Dakika tano! Nikabeba laptopu hadi chini ya mwembe, ndipo mtandao unaposhika pale, nikawasha hotispoti.

Mwanzo ulikwenda vizuri, nisiwe mnafiki. Unafungua sefu kwa pasiwadi kuu, inakupa mstari mrefu wa herufi ambao ndio ufunguo wa muda wa dirisha lile, unaomba pasiwadi unayoitaka, inatoka. Hakuna picha, hakuna kusubiri, bando halishtuki. Ningesubiri brauza ifunguke pale chini ya mwembe, watu wangekuwa washaanua tanga.

Nikakopi, nikapesti kwenye SSH, njia ya kuingia kwa mbali kwenye seva ya mama. Ikakataa. SSH haikuonyeshi hata nyota unapoandika, kwa hiyo nikadhani nimekopi na nafasi mbele. Nikarudia, ikakataa. Ya tatu, SSH ikanitoa nje. Nikaingia upya, nikajaribu mara mbili zaidi, ya mwisho nikiandika herufi moja moja kwa kidole kama karani wa zamani. Kuanzia hapo seva haikuniuliza hata pasiwadi. Mlango kimya. Na huyo mlinzi nilimweka mimi: fail2ban, ukikosea mara 5 ndani ya dakika 10 anakufungia dakika 10 nyingine. Askari niliyemwajiri mwenyewe kanizuia getini.

(Najua mnachotaka kusema. Tumia funguo za SSH, yaani faili la siri la kuingilia, achana na pasiwadi. Seva nilizojenga mimi ziko hivyo. Hii niliirithi kwa fundi mwingine, na kuirekebisha kumekuwa kazi ya wiki ijayo tangu mwaka jana. Msiniandame.)

Jasho likaanza kunitoka. Wazo la kwanza: tumevamiwa, mtu kaingia kabadilisha pasiwadi. Wazo la pili lilikuwa dogo ninayefanya naye kazi, tunayeshirikiana sefu hiyo hiyo. Nikampigia, na sikumpa hata salamu.

"Umegusa pasiwadi ya seva ya mama?"

"Shikamoo kaka. Ndiyo, nilibadilisha wiki ile yule kijana wa stoo alipoacha kazi. Si uliniambia mwenyewe?"

"Na hukuiweka kwenye sefu!"

"Niliiweka palepale, kaka. Naiona hapa kwenye brauza."

Nikamwambia mambo ambayo siyaandiki hapa. Kwamba hana umakini, kwamba mteja akiondoka hasara ni yake yeye. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akauliza taratibu, kaka, yako inaishia na nini? Nikaangalia. Alama ya kuuliza. Akasema, yangu inaishia na saba na K kubwa.

Tukanyamaza wote. Nyuma yangu wakina mama wanaimba kaswida.

"Labda hujasinki, kaka."

Wallahi nilikuwa sijasinki, yaani sijaiambia ivute mabadiliko mapya. Na ndipo nilipojua kwamba ile programu inafanya hivi: siku unapoingia mara ya kwanza inashusha nakala ya sefu nzima, imefumbwa kwa pasiwadi yako, inaiweka kwenye diski ya laptopu. Kuanzia siku hiyo, kila ukiomba pasiwadi inasoma ile nakala. Haiulizi huko juu kama kuna kilichobadilika. Ya brauza inajisinki yenyewe, ya simu vivyo hivyo. Hii ya terminali mpaka uiamuru kwa mdomo wako.

Nikaiamuru. Sekunde mbili. Nikaomba pasiwadi tena: saba na K kubwa. Nikaazima simu ya shemeji yenye laini ya mtandao mwingine ili nije na anwani ambayo askari wangu haijui, nikaingia. Tatizo lenyewe lilikuwa diski imejaa mafaili ya log, zile kumbukumbu ambazo mfumo unajiandikia. Nikafuta, duka likarudi. Hilo halikuchukua hata dakika tatu.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Kusinki kwa mkono naweza kukuelewa. Kuna watu wanafanya kazi bila intaneti, kuna skripti, yaani mafaili ya amri zinazojiendesha, zinazoita hiyo programu mara mia kwa saa, sawa. Kinachoniuma ni ule ukimya. Niliporudi Dar nilirudia kila kitu kwa utulivu. Nikamwambia dogo abadilishe pasiwadi ya majaribio upande wake, nikaiomba upande wangu. Ikanipa ya zamani, safi kabisa, bila neno moja pembeni. Nikaandika echo $? kuuliza kama amri imekwenda salama, nikajibiwa 0. Sifuri kwenye terminali maana yake mambo shwari, mkuu.

Na ilikuwa inajua! Ipo amri nyingine ya kuuliza hali, na ukiiita inakutajia hadi saa na dakika ya mara ya mwisho kusinki. Kwangu siku ile zilikuwa zimepita siku kumi na kitu. Inayo tarehe mfukoni na inakupa mzigo uliochacha inakuangalia tu usoni. Mama wa Kariakoo akiuza dawa hivyo, bila kumwambia mtu tarehe ya mwisho, wanakuja kumfungia duka mchana kweupe.

Nikawaandikia. Barua ndefu, ya heshima, nikaeleza mpaka msiba. Nikapendekeza mstari mmoja tu: "nakala hii ni ya siku kadhaa zilizopita." Baada ya siku tatu au nne mtu wao akajibu mistari miwili. Kwamba hivyo ndivyo programu ilivyokusudiwa, na kwamba imeandikwa kwenye mwongozo. Halafu akafunga shauri langu. Halafu, na hili ndilo lililonifanya nikae leo kuandika, akamalizia na kikatuni cha kutabasamu.

Unanitabasamulia nini?

Usiku huo nikaapa nahamia pass. Wanaoijua wanaijua: ni skripti ya Jason Donenfeld iliyoandikwa kwa bash, lugha ya amri za terminali, kila pasiwadi ni faili moja lililofumbwa kwa GPG, programu ya kufumba mafaili, yamepangwa kwenye folda za kawaida kabisa. Ukiandika pass -c na jina, inakukopia pasiwadi na baada ya sekunde 45 inaifuta kwenye kumbukumbu ya kupesti, kitu ambacho hawa jamaa zangu wameniachia mimi nijifutie. Nikaisimika, nikahamisha pasiwadi kama thelathini, nafurahi mwenyewe kama nimehama nyumba ya kupanga. Kisha nikafika kwenye kushirikiana na dogo. Pass inashirikisha kwa git, programu ya kugawana mabadiliko ya mafaili. Yaani yeye akibadilisha anasukuma, na mimi nikitaka kuiona lazima nivute. Nisipovuta, nasoma ya zamani. Na haitaniambia kitu.

Nililala.

Kwa hiyo nyota moja ile labda nilikuwa na hasira. Mwongozo niliusoma baadaye na kweli imeandikwa, tena si kwa maandishi madogo. Utafutaji wa programu yenyewe ni mwepesi, ukiomba jina linalofanana na vitu viwili haikuchagulii kwa kubahatisha, inakataa na kukwambia viko zaidi ya kimoja. Hapo imefikiriwa. Na kule Muheza, pamoja na yote, ndicho kitu pekee kilichofunguka kwenye mtandao wa pale. Nimejitengenezea amri fupi inayosinki kwanza ndipo itoe pasiwadi, mstari mmoja kwenye .bashrc, faili ambalo terminali inalisoma ikifunguka, na tangu hapo haijanikosea. Ukiichukua, fanya hivyo siku ya kwanza. Na ukiandika amri yenye siri ndani yake anza na nafasi moja, ili bash isiiweke kwenye historia. Kwenye mashine yenye mfumo wa Ubuntu inakubali bila kurekebisha chochote.

Basi tatu. Nyota tatu.

Ila nikikumbuka kile kikatuni, mbili. Kama mstari ule mmoja naweza kuuandika mimi, fundi wa chini ya mwembe, wao wenye ofisi imewashinda nini? Mbili, na sibadilishi.

Dogo nilimwomba radhi, nikamnunulia chipsi kuku. Alipokea, akasema yameisha. Lakini tangu siku ile nikimwuliza jambo lolote la kazi, hata kama ni bili ya umeme wa ofisi, jibu lake ni moja: "Shikamoo kaka. Umesinki?"