Lojiki analaiza ya USB ya chaneli 8: uzoefu wangu

Kama unachezea ESP32 au Arduino (bodi ndogo za kuprogramu) na umechoka kubahatisha kwa nini sensa haijibu, nunua hiki kidude, kinachorekodi ishara za 0 na 1 zinazopita kwenye waya, kabla hujanunua sensa nyingine. Ni kile kiboksi kidogo cha 24 MHz kinachouzwa bei rahisi, mara nyingi bila hata jina juu yake. Changu ndani kina chipu ya Cypress FX2, na nakitumia na PulseView, programu ya bure ya mradi wa sigrok.

Kilichonifanya nikiamini ni BME280, sensa ya joto, unyevu na kanieneo ya hewa. Multimita inasoma 3.3 V, waya zote nimezipima zinapiga mlio, lakini programu inasisitiza sensa haipo. Nikachomeka chaneli mbili kwenye SDA na SCL (waya za data na saa za I2C, njia ambayo ESP32 na sensa huongea), GND kwa GND, yaani waya hasi za pande zote mbili (ukiisahau hiyo utaona vurugu tupu), nikaweka sampuli 2 MHz, yaani kipimo mara milioni mbili kwa sekunde, nikarekodi. PulseView ikanisomea mawimbi yale: Start (mwanzo), anwani 76, NACK (hakuna jibu). Yaani ESP32 inaita na hakuna anayeitika! Kumbe kwenye bodi yangu pini ya SDO, inayochagua anwani ya sensa, imevutwa juu (imeungwa na volti chanya), kwa hiyo anwani yake ni 0x77, ilhali mfano wa programu unaita 0x76. Nikabadilisha tarakimu moja, joto likaanza kusomeka. Multimita isingenionyesha hilo hata ningeikodolea macho mpaka asubuhi.

Kero zipo. Kwenye Linux nilichomeka tu ikakubali; kwenye Windows ilibidi kwanza nibadilishe draiva kwa programu iitwayo Zadig, na muuzaji hakunigusia habari hiyo. Waya zilizokuja nacho zinachomoka hovyo, nikaishia kununua klipu za kung'ata pini. Hizo ziweke kabisa kwenye bajeti yako, la sivyo utasaka hitilafu kwenye saketi kumbe waya wa kupimia ndio umelegea.

Halafu kinaona 0 na 1 tu. Rizista za kuvuta juu kwenye I2C zikiwa hazifai na mawimbi yanapanda kwa kujivuta, chenyewe kitakuchorea pembe zilizonyooka kana kwamba hakuna shida. Volti zikididimia ghafla ESP32 inapowasha Wi-Fi, hakitaona kitu. Hapo unahitaji osiloskopu, kifaa kinachochora volti zenyewe zinavyopanda na kushuka. Na SPI (njia nyingine ya mawasiliano ya chipu, yenye kasi kuliko I2C) ikipita 6 MHz hivi, majibu yake mimi siyaamini, maana sampuli zinakuwa chache mno kwa kila mzunguko wa saa.

Jambo moja la usalama: usikipe zaidi ya 5 V. Hakina utengano wowote wa umeme kati ya saketi na kompyuta, GND yake ndiyo GND ya laptopu yako, kwa hiyo saketi iliyoungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani usiipime nacho kabisa.