Spinaka nzuri, kapi mbovu, na neno aliloambiwa ami

Niseme mapema, asije mtu akadhani nina chuki: tanga lenyewe, spinaka ya kupokea upepo wa nyuma, ni zuri. Kitambaa chepesi, mshono umenyooka, pembe zote tatu zimetiwa viraka vya kuzitia nguvu. Mwenye haja ya vipimo na bei akawaulize wenye duka walioniuzia. Mimi nimekuja kuzungumzia kapi moja, kigurudumu cha kupitishia kamba, inayoenea kwenye kiganja cha mtoto, na kijana aliyeifunga.

Mashua yangu ni ndogo, ya faiba, futi 14, niliinunua kwa mgeni aliyekuwa akihama Shela, hapa Lamu. Msimu wa kusi ukitoka Shela kwenda mjini upepo unakuja kwa nyuma karibu njia nzima, kilomita tatu hivi, na lile tanga dogo la mbele linajificha nyuma ya kubwa likalala kama mgonjwa. Hapo ndipo nilipoingiwa na hamu ya spinaka. Duka moja la Mombasa (silitaji, wanajijua) likaniambia nikiongeza pesa fundi wao atakuja mpaka Lamu kufunga kila kitu. Nikaona afadhali, maana hili si kama tanga la jahazi. La jahazi lina goshi yake, kamba ya kushika pembe ya upande wa upepo, na demani yake, ya upande wa pili, na kila moja inaijua kazi yake. Spinaka haina foromali, ule mti wa kubeba tanga, imeshikwa kwa pembe tatu tu, inaelea mbele ya omo, mbele kabisa ya chombo, kama puto. Ukigeuza upande, ile iliyokuwa goshi inakuwa demani, na demani inakuwa goshi. Kamba zote lazima zipite nje: nje ya waya za ubavuni, mbele ya waya wa omo unaoshika mlingoti kwa mbele. Ikikosea moja umekwisha.

Fundi akaja, basi mpaka Mokowe kule bara, kisha boti. Kijana nadhifu, begi la vifaa utadhani daktari. Tukaulaza mlingoti uani juu ya mapipa mawili. Ami yangu alikuwa amekaa barazani na tasbihi yake. Ami ni nahodha wa zamani, alianza bahari kabla mimi sijazaliwa, amebeba mchanga, amebeba boriti, amebeba abiria. Akamtazama yule kijana anavyotoboa mlingoti, akasema taratibu tu, "Mwanangu, kapi hiyo haikai yuu ya waya wa omo? Hapo naiona i tini."

Fundi hata kichwa hakuinua. "Mzee, hili si dau."

Maneno manne. Ami akarudi kwenye tasbihi. Nami mwenye uwanja, mwenye mashua, nikanyamaza, kwa sababu nilikwisha kulipa na niliona aibu kumkosoa mtu aliyetoka mbali na begi kama lile. Tena nikamletea chai na mahamri. Mahamri aliyoyapika mke wa ami mwenyewe.

Sasa sikilizeni kapi ya henza, kamba ya kupandishia tanga, ikikaa chini ya waya wa omo inafanya nini. Tanga linapandishwa nje, mbele ya waya, lakini kamba inayolivuta inatokea ndani, kati ya waya na mlingoti. Kwa hiyo henza inajikunja juu ya waya, inasugua, haiwezi kuvuka upande wa pili, na kichwa cha tanga hakina nafasi ya kusimama mbali na mlingoti. Mlingoti ukiwa umelala juu ya mapipa mambo haya huyaoni. Ukisimama unayaona, ila kijana alikwishapanda boti kurudi Mokowe.

Tulitoka Shela mimi na mpwa wangu, alasiri, maji yanajaa, kusi ya kiasi. Nikashika kana, mkono wa usukani, yeye akavuta henza. Tanga likatoka kwenye mfuko wake vizuri, nikaanza kucheka peke yangu. Lilipofika karibu na juu likakwama, upepo ukaingia juu na chini kwa pamoja, katikati pakasokoteka. Vyungu viwili, kimoja juu ya mwenziwe, na shingo nyembamba kama kikoi kinachokamuliwa. Nikamwambia mpwa wangu shusha. Anavuta, haishuki. Henza imejibana juu kule, waya umeikalia. Mashua inakimbia, haisikii usukani, na mbele yetu majahazi yametia nanga. Ikapita mashua imejaa wageni, nahodha wake akapaza sauti, "Ee bwana, mnaanika nguo?" Mtu akatoa simu akapiga picha. Tulisimamishwa na mikoko ya kisiwa cha Manda, omo ndani ya matawi, tope mpaka magotini. Picha ilifika mjini kwenye WhatsApp kabla yetu.

Ami hakusema nimekwambia. Laiti angesema. Aliutazama mlingoti, akaniuliza kama mpwa wangu hajaumia, kisha akasema, "Lete drili."

Tukatoboa upya, juu ya waya safari hii, kiasi cha shibiri moja. Matundu ya fundi tukayaziba kwa gundi ya faiba. Kazi ya asubuhi moja, na mtu mmoja kati yetu hajapata kugusa spinaka maishani mwake. Anajua tu kwamba kamba inayobeba mzigo haiwekwi chini ya kamba nyingine. Madau yamemfundisha.

Haki yao niwape. Tuliporudi majini, tukaipandisha ndani ya kivuli cha tanga kubwa kama inavyotakiwa, ukingo mwekundu kushoto, wa kijani kulia, nikausukuma ule mti wa alumini unaoshika pembe ya goshi upande wa upepo, nikavuta demani kidogo. Ikajaa kwa mshindo, pu! Omo ikainuka. Mpwa wangu akapiga kelele mpaka punda wa gatini wakageuka. Siku ile ningewapa nyota nne, wallahi, na pengine tano, maana tanga kama lile sijapata kulishika.

Kisha nikapiga simu. Sikutaka pesa zote, nilitaka zile za fundi tu. Bibi wa dukani akaniuliza kama nilifuata maelekezo. Maelekezo gani, na fundi wenu ndiye aliyefunga? Akanishikisha simu, muziki ukapiga, akarudi akasema fundi anasema wateja wa Lamu wamezoea matanga ya jahazi, huenda tulivuta vibaya. Nikamuuliza, kwa hiyo ami yangu hajui kuvuta kamba? Akasema, "Sijui ami yako, kaka." Kweli, hamjui. Ila angemjua angalau fundi wake.

Nyota mbili basi. Zote mbili za mshonaji, popote alipo, Mungu ambariki vidole vyake. Fundi hana hata nusu. Nilitaka kumpa moja ya unadhifu, nikakumbuka yale mahamri. Anayetaka tanga lao anunue, lije kwa basi, na kapi ajifungie mwenyewe. Au hapana, asinunue; mimi nisingenunua tena. Labda.

Juzi wamenitumia ujumbe, wanaomba picha ya spinaka yao ikiwa juu katika bahari ya Lamu, waitie kwenye tangazo. Picha ninayo, ile iliyozunguka WhatsApp. Nimewatumia.