Seti ya mipira ya kalipa: uzoefu wangu na breki iliyokuwa ikishika yenyewe

Kila Jumanne na Ijumaa mimi hutoka Lanet alfajiri nikiwa nimepakia trei za mayai kwenye Probox yangu, nikielekea Gilgil na mara nyingine Naivasha, na kwa sababu ya mzigo wenyewe nimezoea kuendesha kwa upole na kusikiliza gari kwa makini. Ndiyo maana niligundua mapema kwamba gari lilikuwa likivutwa upande wa kushoto, na kwamba nikiondoa mguu kwenye mafuta lilipoteza mwendo haraka kuliko kawaida, kana kwamba kuna mtu amelishika kwa nyuma. Siku niliyothibitisha tatizo, nilisimama Gilgil kushusha trei za kwanza nikasikia harufu kali ya kitu kinachoungua upande wa gurudumu la mbele kushoto. Nilidondosha maji kidogo ya chupa kwenye rimu, nayo yakachemka papo hapo na kukauka. Rimu ya kulia niliweza kuishika kwa kiganja bila taabu yoyote.

Breki inayoshika yenyewe si jambo la kuahirisha. Hasara yake haiishii kwenye pedi zinazolika na petroli inayopotea. Joto lile hupenya kwenye pistoni, iliyo ndani ya kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu), hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzijoto 205, lakini kwa kuwa hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubanika, pedeli hushuka hadi sakafuni bila gari kusimama. Mtu yeyote aliyewahi kushuka mteremko wa Salgaa nyuma ya lori lililojaa anaelewa kwa nini sikutaka kufika huko.

Gereji ya kwanza niliyoenda haikunisaidia. Fundi alitoa pedi, akazisugua kwa msasa, akazirudisha na kuniambia kwamba zitazoea, na baada ya siku tatu rimu ilikuwa ya moto kama mwanzo. Mwingine alipendekeza ninunue kalipa nzima ya mtumba kwa shilingi 4,500. Sikuwa na sababu ya kuamini kwamba kalipa iliyotolewa kwenye gari nisilolijua ingekuwa na mipira mizuri kuliko yangu, kwa hiyo niliamua kutafuta chanzo mwenyewe nyumbani kabla ya kutoa pesa.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asikimbilie dukani, kwa sababu seti ninayoisifu hapa chini haina faida yoyote ikiwa ugonjwa uko kwingine. Niliegesha gari mahali tambarare, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikainua upande wa mbele kwa jeki na kuliegemeza gari juu ya stendi imara, maana jeki peke yake haiaminiki hata kidogo. Kisha nilimwomba mke wangu akanyage breki na kuachilia. Gurudumu la kulia lilizunguka kwa mkono mmoja. La kushoto lilikataa hata kwa mikono miwili. Likiwa bado limeshika, nilifungua kidogo ile nipeli ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa. Kama mafuta yangeruka kwa nguvu na gurudumu likaachia, ningejua kwamba shinikizo limefungiwa ndani, na kosa lingekuwa kwenye paipu ya mpira iliyovimba kwa ndani au kwenye masta silinda, yaani ile pampu inayosukumwa na pedeli. Kwangu yalitoka matone machache tu na gurudumu halikuachia, kwa hiyo kilichoshika kilikuwa chuma kwa chuma ndani ya kalipa yenyewe.

Nilifungua kalipa. Kalipa huteleza juu ya pini mbili. Ya juu iliteleza vizuri, ya chini ilihitaji kuzungushwa kwa nguvu ndipo itoke, nayo ilikuwa kavu na yenye rangi ya kutu. Pistoni ilikuwa mbaya zaidi. Mpira wake wa vumbi ulikuwa umechanika mahali padogo, tundu lisilozidi punje ya hindi, na nilipoufunua kwa kidole nilikuta tope gumu la kijivu: lile vumbi letu jepesi kama unga, ambalo kila mkazi wa Nakuru analijua kutoka kwenye madirisha yake, limechanganyika na maji na kuganda kuizunguka pistoni. Nilijaribu kuirudisha ndani kwa klampu huku nipeli ikiwa wazi, nayo haikusogea ila kwa kukwaruza.

Seti niliyonunua kwenye duka la spea mjini iligharimu shilingi 950. Kijana wa pale alinizuia kununua kwa kukisia. "Leta namba ya chesisi, mzee, tusije tukabahatisha," aliniambia, na ninamshukuru, kwa sababu mipira miwili aliyonionyesha ilifanana machoni lakini ilitofautiana kipenyo. Ndani ya pakiti kuna mipira miwili ya pistoni, mipira miwili ya vumbi pamoja na pete zake, mipira ya pini, na kifuko cha grisi. Yaani vifaa vya kalipa zote mbili za mbele. Pistoni haimo. Yangu ilikuwa na vishimo vya kutu ambavyo msasa hauwezi kuviondoa bila kuharibu uso wake, kwa hiyo nililazimika kununua mpya kwa shilingi 1,400. Washa za shaba zinazokaa kwenye bolti ya paipu hazimo pia, na hilo linanikera kidogo, kwa sababu washa ya zamani ikirudishwa inaweza kuvujisha mafuta, na washa mbili hazingeipandisha bei ya pakiti sana.

Mpira wa pistoni ndio moyo wa seti hii. Ni pete, lakini unene wake si wa duara kama wa mipira mingi. Ukiukata utaona pande nne bapa. Unapokanyaga breki, pistoni husogea na mpira huo hupinda nayo kidogo. Unapoachilia, mpira hujinyoosha na kuivuta pistoni nyuma, kiasi cha kuziacha pedi zisiikabe tena diski. Hakuna springi ndani ya kalipa ya aina hii inayofanya kazi hiyo. Mpira ukikauka au pistoni ikishikwa na kutu, hakuna cha kuirudisha, na fundi anayesugua pedi hawezi kubadilisha lolote.

Kuitoa pistoni hakukuhitaji kompresa. Niliacha paipu ikiwa imeunganishwa, nikaweka kipande cha ubao mbele ya pistoni, vidole vikiwa mbali, na mke wangu akakanyaga pedeli polepole hadi ikatoka ndani ya beseni. Baada ya hapo ndipo nilipofungua paipu na kuosha kila kitu kwa spiriti. Petroli na dizeli zisikaribie mipira hii, kwa kuwa huivimbisha. Mfereji unaokaa mpira niliusafisha kwa kijiti cha kuchokolea meno, kwa sababu ncha ya kisu ingeacha mkwaruzo wa kuvujisha mafuta. Mpira mpya niliuchovya kwenye mafuta mapya ya breki, ukaingia kwenye mfereji wake bila kujikunja, na pistoni ikaingia kwa kusukumwa na vidole gumba viwili tu. Nilikaa pale nimeishika kwa muda, kwa furaha ya kuona inavyoteleza.

Mpira wa vumbi ulinitesa. Pete yake ya waya ilinichukua karibu dakika 40, na karatasi ya maelezo ina michoro midogo isiyosaidia hatua hiyo. Kifuko cha grisi nacho kilitosha pini mbili pekee. Tafadhali usijazie kwa grisi ya beringi. Nunua grisi ya silikoni inayofaa mipira ya breki, hata kama itakubidi urudi dukani, kama nilivyorudi. Mwishoni tulitoa hewa, mmoja akikanyaga na mwingine akifungua nipeli yenye mpira mrefu ulioingizwa kwenye chupa ya mafuta, tukihakikisha kwamba tangi la juu halikauki, na sikuliondoa gari kabla ya pedeli kuwa ngumu chini ya mguu. Pamoja na mafuta ya shilingi 500, washa na grisi, sikufikia bei ya ile kalipa moja ya mtumba.

Jumamosi iliyofuata nilitumia nusu ya pili ya seti upande wa kulia, ingawa haukuwa umeanza kushika. Mpira wake wa vumbi haukuwa na tundu bado, lakini ulikuwa umepasuka kama kisigino, na pistoni yake nilirudisha ileile kwa kuwa uso wake ulikuwa laini.

Tangu wakati huo nimeendesha zaidi ya kilomita 1,600, nyingi zikiwa na mzigo. Seti hii ninaipa nne kati ya tano, na ile moja nimeipunguza kwa sababu ya washa na grisi. Ijumaa iliyopita, nilipofika Gilgil, nilizunguka gari kabla ya kushusha trei na kuweka kiganja kwenye rimu ya kushoto, kisha ya kulia. Zote mbili zilikuwa na uvuguvugu uleule.