Chuuk au Scapa Flow kwa wazamiaji wazoefu?

Kama cheti cha trimiksi unacho (ule mchanganyiko wa oksijeni, nitrojeni na heliamu wa kuzamia kina kirefu) na unataka kuzamia meli za vita zilizozama, mi nasema Chuuk kule Mikronesia, visiwa vya Pasifiki, maji ya uvuguvugu nyuzi 28 hivi, na San Francisco Maru, meli ya mizigo ya Wajapani iliyozamishwa Februari 1944, bado ina vifaru vidogo vya kivita juu ya deki, kwenye mita 50 hivi, unavipita karibu kabisa, ila bei ya heliamu huko we acha tu, ndo maana wengi wanashuka na ribriza, kile kifaa kinachozungusha tena hewa unayopumua kwa hiyo gesi inatumika kidogo. Scapa Flow, Uskoti? Meli za Wajerumani, walizizamisha wenyewe 1919, Markgraf imelala kichwa chini mita 45, safari si ndefu kihivyo, lakini ile baridi jamani, bila suti kavu, ile isiyoingiza maji, usithubutu! Mi mtu wa pwani, hapana.