Kubuku kambi ya RV Grand Canyon kupitia Recreation.gov, uzoefu wangu

Sisi tuko Dallas, na mama alikuwa na hamu sana ya kuiona Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, kwa hiyo tukaamua kukodi RV, gari lenye vitanda ndani, ili alale vizuri. Mara ya kwanza nimeingia Recreation.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kubuku kambi, ilikuwa Machi mwaka jana, wiki 3 kabla ya safari, Mather Campground, kambi ya pale Grand Canyon, imejaa yote hadi mwisho. Niliumia kwa kweli.

Kaka mmoja wa Mombasa anayeendesha malori huku ndo akaniambia siri, nafasi zinafunguliwa miezi 6 kabla, saa nne kamili asubuhi saa za New York, yaani kwetu Dallas saa tatu. Basi tukahamishia safari Oktoba, na Aprili siku yenyewe ilipofika saa mbili na nusu nishakaa, akaunti iko wazi, kadi nishaisevu, nikabonyeza saiti ya kwanza (yaani sehemu ya kuegesha RV na kulala) ikawa imeshachukuliwa nikakimbilia ya pili nikaipata! Ukishaipata una dakika 15 tu za kulipa.

Sasa sikiliza, soma maelezo ya saiti yenyewe usiangalie picha tu. Mather hawapokei gari linalozidi futi 30. Pale tulipokodi walituambia "ni futi 30 hivi", nikaenda na futi yangu ya kupimia, kuanzia bampa ya mbele mpaka kwenye ngazi ya nyuma ikasoma 31 na nusu. Nikawaambia hapana jamani, wakatubadilishia la futi 25.

Pia Mather hakuna umeme wala maji ya kuunganisha kwenye gari, na uko juu futi kama 7,000, usiku wa Oktoba baridi inauma, beba mablanketi. Ukitaka umeme chuja kwa "electric" kwenye Recreation.gov, utaona kambi nyingi za maziwa zilizo chini ya Army Corps of Engineers, kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, kama Hickory Creek pale Lewisville karibu na sisi.

Kilichonifurahisha zaidi ni pasi ya wazee ya hifadhi za taifa. Mama ana green card na ameshavuka 62, akalipia dola 80 pasi ya maisha, ada ya kulala ikashuka nusu. Ila lazima mwenye pasi awepo.

Asubuhi ya kwanza elki wawili, wale kulungu wakubwa wa huku, wanakula majani karibu kabisa na mlango, mama kashika kikombe cha chai mpaka kikapoa. Mwezi ujao nafasi za Oktoba zinafunguliwa tena, kashanikumbusha mara mbili.